Kunguru Gani Huyo? Mwongozo Kamili wa Kuwatambua Kunguru, Kuanzia Ufukweni Hadi Mlimani

Kijana wa jirani aliingia uani kwangu mbio, mkononi kashika kunguru kwa miguu, kichwa kinaning'inia. Alimpiga kwa manati kwenye mwembe, na alitegemea sifa, maana wiki ile mtaa mzima ulikuwa ukilalamikia kunguru wanaonyakua vifaranga. Nilimpokea yule ndege akiwa bado na joto. Nikamgeuza kifua. Kilikuwa cheupe pe, kimeishia kwa mstari safi pale tumbo jeusi linapoanzia, kama mtu aliyevaa fulana nyeupe ndani ya koti.

Si yeye. Waliokuwa wakisumbua mtaa, makundi kwa makundi, walikuwa na shingo ya rangi ya majivu, na hawana weupe hata chembe. Ni kweli kunguru wa kifua cheupe naye kifaranga hakiachi akikipata, lakini huyo ni mwenyeji wa nchi hii, na huku pwani amebaki mchache. Tulimzika chini ya mwembe uleule. Kijana aliniuliza swali moja ambalo ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu: "Sasa nitawajuaje?"

Tatizo linaanzia kwenye jina. Sisi tuna neno moja tu, kunguru. Kwa neno hilo tumemtaja kunguru aliyetolewa na Nuhu katika safina, kunguru waliompelekea Eliya mkate na nyama, kunguru aliyemwonyesha Kabili namna ya kumzika ndugu yake, na huyu anayerukia samaki sokoni. Kiingereza kina maneno mawili, moja la kunguru wa umbo la kawaida na jingine la wale wakubwa wenye midomo minene na koo lenye manyoya marefu. Usidhani kwamba maneno hayo mawili ni nasaba mbili tofauti. Wote wamo katika jenasi moja, Corvus, na mpaka kati yao ni wa mazoea ya lugha zaidi kuliko wa damu. Kwa hiyo usipoteze muda kuuliza kama huyu ni kunguru mdogo au kunguru mkubwa. Uliza ni kunguru yupi. Afrika Mashariki tuna wachache, wanaohesabika kwa vidole, na kila mmoja ana alama yake.

Hatua ya kwanza: subiri umwone mbele na nyuma

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ndiyo watu wengi wanairuka. Mtu anaona weupe, anasema "ni yule mweupeweupe," basi. Swali si kama ana weupe. Swali ni weupe umekaa wapi.

Kunguru wa kifua cheupe, anayeitwa pia kunguru rangi-mbili, ana weupe mbele na nyuma. Unaanzia juu ya mgongo, kwenye kola, unazunguka mabegani na kufunika kifua chote. Kichwa, koo, mbawa, mkia na tumbo la chini ni nyeusi ti. Mpaka kati ya rangi hizo mbili ni mkali. Hata anapochafuka kwa vumbi jekundu la barabarani na kifua kuwa kama shuka iliyokaa siku nyingi bila kufuliwa, ule mstari bado unaonekana.

Kunguru shingo-nyeupe wa milimani ana weupe nyuma tu. Ni baka moja pana kisogoni, lenye umbo la mwezi mwandamo. Akikugeukia, kifua ni cheusi, na kooni kuna dalili ya rangi ya kahawia. Hapa ndipo hata watembezaji wa watalii wenye uzoefu hukosea, kwa sababu kunguru wa kifua cheupe akikupa mgongo anaweza kufanana naye kabisa. Dawa ni subira. Usitamke jina mpaka ndege ageuke.

Kunguru wa Bara Hindi hana weupe popote. Ana majivu. Uso, utosi na koo ni nyeusi, kisha kisogo, shingo yote na kifua ni kijivu, halafu mgongo, mbawa na mkia ni nyeusi yenye mng'ao. Kijivu hicho hakina mpaka mkali. Kinafifia polepole kuingia kwenye weusi, kama moshi. Na hapa kuna mtego wa mwanga. Jua la saa saba likimpiga, ile shingo ya majivu hung'aa mpaka ukaapa ni nyeupe. Jioni, jua likiwa nyuma yake, huonekana mweusi mwili mzima. Ukiwa na shaka, tazama kifua. Kikiwa kama kimepakwa majivu, ni yeye. Kikiwa kama kimepakwa chokaa, siye.

Waliobaki ni weusi watupu, au weusi wenye ukahawia kidogo. Hao tutawatenganisha kwa mdomo na mkia.

Hatua ya pili: mdomo

Mdomo wa kunguru shingo-nyeupe ukishauona mara moja huusahau. Nilikaa naye karibu siku moja kwenye jabali la Irente, kule Lushoto, mahali ambapo mlima unakatika ghafla na tambarare ya Mkomazi inaonekana chini kama ramani. Alitua hatua nne hivi kutoka nilipokuwa nimeweka mkoba wangu. Mdomo wake ulikuwa mnene kwenda juu kuliko nilivyotarajia, umepinda kama mgongo wa panga la kufyekea, na ncha yake ilikuwa nyeupe, kama mtu ameichovya kwenye unga. Hiyo ncha nyeupe ni alama ya uhakika. Alikuja kwa hatua za pembenipembeni, akanitazama kwa jicho moja, akageuza kichwa akanitazama kwa jicho la pili, ndipo akauvuta mkanda wa mkoba. Hakuwa na haraka hata kidogo.

Kunguru wa kifua cheupe ana mdomo mnene wa wastani, mweusi wote. Wa Bara Hindi ana mdomo mrefu kiasi ukilinganisha na kichwa chake, na paji la uso lililoinuka. Yeye ndiye mdogo zaidi kati ya hawa watatu: kama sentimita 40 kutoka ncha ya mdomo hadi ya mkia, wakati wa kifua cheupe anakaribia 50, na shingo-nyeupe hupita 50. Lakini usitegemee ukubwa ndege akiwa peke yake. Macho hudanganya, hasa juu ya mti.

Mdomo mwembamba kuliko yote ni wa kunguru mweusi wa nyanda za juu, yule anayepatikana tena kusini mwa Afrika mpaka rasi ya Afrika Kusini. Ni mrefu, mwembamba, umepinda kidogo kuelekea chini, unafaa kuchokoa ardhi. Ukimwona kunguru mweusi mwili mzima anatembea shambani au mbugani akichokoa udongo kutafuta wadudu na mbegu, tazama mdomo huo.

Hatua ya tatu: mkia, akiwa angani

Ndege akiruka juu rangi hupotea na umbo hubaki. Jizoeze kutazama mkia ukilinganisha na mbawa.

Kunguru wa Bara Hindi ni mwembamba, mkia wake ni mrefu wa kutosha kumfanya aonekane na uwiano mzuri. Shingo-nyeupe ana mbawa pana na mkia mfupi, anaelea juu ya magenge kama tai mdogo. Lakini mfalme wa mkia mfupi ni kunguru mkia-mfupi wa kaskazini. Yeye mkia wake ni mfupi kiasi kwamba angani anafanana na popo mkubwa, na akitua juu ya mwamba, ncha za mbawa hupita mkia. Hakuna kunguru mwingine wa kwetu mwenye umbo hilo. Ukiliona, kazi imekwisha.

Hatua ya nne: sikiliza

Sauti nitaieleza kwa ufupi kwa sababu maandishi hayaitendei haki. Afadhali ukae chini ya mti dakika kumi. Wa Bara Hindi hulia "kaa, kaa, kaa", kavu, bapa, haraka, bila kuchoka, na wengi kwa pamoja. Wa kifua cheupe ana sauti nzito na ya kukwaruza zaidi, "kraak", na mara nyingine hutoa mlio kama wa mtu anayekoroma. Shingo-nyeupe hukoroma kwa ndani kabisa ya koo. Yule mweusi wa nyanda za juu huvimbisha manyoya ya koo na kutoa sauti za kububujika, kama maji yanayotoka kwenye mtungi.

Hatua ya tano: jiulize uko wapi

Hapa ndipo pana utajiri wa somo lenyewe, kwa hiyo nitakaa.

Pwani, kuanzia Malindi na Mombasa kushuka Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam, na visiwani Zanzibar, kunguru unayemwona kwanza karibu siku zote ni wa Bara Hindi. Mombasa wanamwita kurabu, neno lililotoka kwa Kiarabu, na nalipenda jina hilo kwa sababu linamtofautisha na kunguru wetu bila maelezo marefu. Hakuja mwenyewe kwa mbawa zake. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wakati wa himaya ya Waingereza, kwa nia ya kusafisha taka za mji. Taka hazikwisha, na kunguru waliongezeka. Walivuka hadi bara, na kwingineko wamesafiri kwa meli: bandari za Durban na Cape Town inaaminika ziliwapokea hivyo.

Kwao Bara Hindi yuko ndege wa jamii ya kekeo anayetaga mayai yake katika kiota cha kunguru huyu na kumlelesha makinda yasiyo yake. Huku kwetu ndege huyo hayupo. Kurabu analea makinda yake yote, ana chakula cha jalalani mwaka mzima, na anakula mayai na makinda ya ndege wengine wa mjini: njiwa, chozi, kwera. Mtu aliyekulia Mji Mkongwe au Kisauni na sasa ana umri mkubwa atakwambia jinsi asubuhi zilivyokuwa na sauti nyingi zaidi. Kunguru wa kifua cheupe naye amesukumwa nje. Katika miji mingi ya pwani unaweza kukaa siku nzima usimwone.

Ndiyo maana serikali zimechukua hatua. Zanzibar na Dar es Salaam zimewahi kufanya kampeni za kuwapunguza kwa mitego na kwa sumu maalumu inayosimamiwa na wataalamu, na mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuondoa kunguru hao milioni 1. Wameshapanda barabara kuu ya Mombasa mpaka Voi, na hofu ni kwamba watafika Nairobi. Kwa hiyo ukimwona kunguru wa shingo ya majivu katika mji wa bara ambao hajazoeleka, hiyo ni habari muhimu. Nitarudi hapo.

Ukiondoka pwani mambo hubadilika. Dodoma, Tabora, Mwanza, Nairobi, Kisumu, Kampala, Kigali, Bujumbura, kunguru wa mjini kwa kawaida ni wa kifua cheupe. Utamwona kwenye viwanja vya shule wakati wa mapumziko, kwenye machinjio, juu ya nguzo za umeme ambako hujenga kiota cha vijiti na vipande vya waya. Ndiye kunguru aliyeenea kuliko wote kusini mwa Sahara, na hata Komoro na Madagaska yupo.

Panda milimani. Usambara, Uluguru, Udzungwa, Mlima Kenya, magenge ya Hell's Gate karibu na Naivasha, milima ya volkano kati ya Rwanda na Kongo: hiyo ni nchi ya shingo-nyeupe. Wapagazi wa Kilimanjaro wanamjua vizuri. Anawafuata kambi hadi kambi, mpaka Barafu, zaidi ya mita 4,600, na anajua zipu ya begi inafunguliwaje. Ukipanda, weka chakula ndani ya chombo kigumu, si mfuko wa plastiki. Na tafadhali usimtupie mabaki. Kumzoesha jalala mlimani ni kurudia kosa tulilolifanya pwani.

Kwenye nyanda za juu zenye nyasi za Kenya, Laikipia, Nanyuki, Narok, na kaskazini kabisa ya Tanzania karibu na mpaka, tafuta yule mweusi wa mdomo mwembamba. Mara nyingi huwa wawili wawili au kundi dogo ardhini.

Kaskazini zaidi ni nchi ngumu kwa mtambuzi, nami naipenda kwa sababu hiyo. Marsabit, Turkana, pembezoni mwa jangwa la Chalbi, kuna kunguru mkia-mfupi kwenye magenge, na kuna kunguru wa Kisomali, mweusi mwenye ukahawia shingoni. Upepo ukimpiga kunguru wa Kisomali na kufunua manyoya ya shingo, utaona mashina yake ni meupe. Shida inakuja pale anapokutana na wa kifua cheupe: katika Pembe ya Afrika wawili hao huzaliana, na watoto wao hutoka na kifua chenye madoadoa, weupe uliochafuliwa na weusi, bila ule mstari safi. Ukikutana na ndege wa namna hiyo huko, usilazimishe jina. Andika "chotara" na uendelee. Ukivuka kuingia nyanda za juu za Ethiopia, kuna jitu lenye zaidi ya sentimita 60, mdomo wake mnene ajabu kuliko hata wa shingo-nyeupe, na baka jeupe kisogoni. Huyo hapatikani popote duniani isipokuwa Pembe ya Afrika.

Uganda ina binamu mmoja wa kuchanganya watu: ndege mweusi mwembamba mwenye mkia mrefu uliochongoka, anayetembea nyuma ya ng'ombe, na mbugani nyuma ya tembo, akidaka wadudu wanaoshtuliwa. Ni wa familia ya kunguru lakini si wa jenasi yao. Wachanga wake wana mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi.

Kwa wasomaji wetu walio Oman: kunguru wa Muscat mwenye shingo ya majivu ni yuleyule wa Mombasa na Zanzibar. Ukienda jangwani utakutana na kunguru mkubwa mwenye shingo ya kahawia, na ukifika Dhofar, kwenye milima iliyo juu ya Salalah, tazama angani utafute lile umbo la popo. Ndiye mkia-mfupi yuleyule wa Marsabit.

Walio Ulaya na Marekani Kaskazini wana fumbo jingine, kwa sababu kule wengi ni weusi mwili mzima. Kanuni ya kwanza ni mkia: kunguru mkubwa wa kaskazini, akiruka, mkia wake una umbo la kabari, umechongoka katikati. Kunguru wa kawaida wa mjini, awe wa London au wa Minneapolis, mkia wake huishia kwa duara laini, kama kipepeo cha kupepea mkaa. Mkubwa ana manyoya marefu yaliyotimka kooni, hukoroma badala ya kulia "kaa", huelea bila kupiga mbawa, na mara nyingine hujigeuza chali angani. Na onyo kwa mtu wa pwani aliyehamia Berlin au Stockholm: utaona kunguru wa kijivu, moyo uruke ukidhani kurabu amekufuata. Tazama tena. Yule wa huko kijivu chake kinafunika mgongo na tumbo zima, na weusi umebaki kichwani, kooni, kwenye mbawa na mkia. Kurabu ana kijivu shingoni na kifuani, mgongo wake mweusi.

Hatua ya sita: andika ulichoona kabla ya kutoa jina

Chukua daftari au simu. Andika mahali, tarehe, saa, jua lilikuwa upande gani, walikuwa wangapi. Kisha jibu maswali haya kwa mpangilio huu: kifua rangi gani, kisogo rangi gani, mpaka wa rangi ni mkali au unafifia, ncha ya mdomo rangi gani, mkia unapita mbawa au haupiti. Jina liwe la mwisho. Nimewafundisha watoto wa mtaani kwetu hivyo, na ndani ya siku mbili walikuwa wakinisahihisha.

Picha ya simu inatosha, hata ikiwa na ukungu, ilimradi umeipiga ndege akiwa ubavu au kifua. Darubini si lazima kwa kuanzia. Kunguru hukaribia watu kuliko ndege wengi.

Kumbukumbu zako zina kazi. Kenya kuna mradi wa Kenya Bird Map, Tanzania kuna Tanzania Bird Atlas, na popote ulipo unaweza kutuma kwa eBird, hifadhi ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege. Kwa kurabu anayeingia bara, picha moja yenye mahali na tarehe ina thamani kubwa, kwa sababu kundi la ndege watano linadhibitika, na la elfu tano halidhibitiki.

Kuhusu kuua

Sitawaambia watu wa pwani wampende kurabu. Lakini manati na sumu ya nyumbani si njia. Sumu ya wadudu ukiipaka kwenye utumbo wa samaki na kuutupa jalalani, haichagui. Itamfikia mwewe, paka wa jirani, mbwa, kuku wako mwenyewe, na wa kifua cheupe mmoja aliyebaki mtaani. Kazi ya sumu waachiwe maofisa wenye kibali na mafunzo. Wewe una mambo mawili unayoweza kuyafanya leo. Funika taka, hasa za samaki na machinjio, maana bila jalala wazi kundi hupungua lenyewe. Na kama halmashauri yenu ina mtego wa kunguru, ule wa banda la waya, ombeni mtu aliyesoma hatua ya kwanza hapo juu aukague kila siku, asubuhi na jioni. Akimkuta ndani mwenye kifua cheupe, afungue mlango amwachie aende.